Ini la Mbuzi Lililong'aa

Mabeshte, leo nimeaibika. Tena mbele ya Daktari, siku yenyewe ya kuamuliwa kama nitaandikwa kazi ya kudumu pale maabara, au nitarudi hapa mtaani Mbotela kuuza mandazi na Mama kutwa nzima.

Mtihani ulikuwa rahisi. (Eti rahisi!) Tumeletewa kichupa cha kingamwili. Maji kidogo tu, hata kijiko hayajazi. Lakini hayo maji, haki ya Mungu, yana akili! Yametengenezwa yatafute protini moja tu, iliyo kwenye chembe za binadamu. Yakiikuta yanaing'ang'ania, na kwenye hadubini unaona kijani. Mnyama yanampita kama hayamjui.

"Mwende," Daktari akaniambia, "nitayarishie ini la mbuzi. Lisipong'aa, tutajua hii kingamwili ni ya kuaminika."

Ini nililinunua jana kwa bucha yetu. Leo nikalikata kwa mashine, jembamba hata huwezi kulishika. Nikatoa vioo vipya vya hadubini, nikakuta vimegandana. Nikavitenganisha. Nikalaza ini juu yake, nikatia kingamwili, nikangoja, nikaosha. Safi kabisa! Nilikuwa hata naimba.

Tukazima taa. Daktari akainamia hadubini.

"Mwende, hili ni ini la nini?"

"La mbuzi, Daktari."

"Na mbona linang'aa?"

Nikachungulia. Woi! Katika lile giza kulikuwa na kijani, jamani, kijani ambacho sijawahi kuona popote. Kilinipendeza hadi nikasahau kuogopa.

Wafula, fundi mwenzangu, hakusahau. "Hiyo nyama umetoa bucha gani?"

"Ya pale kwetu. Ile nilikuonyesha Jumamosi."

"Ile nilinunua kilo mbili?" Akashika tumbo. "Mwende, nimekula nani?"

(Hata mimi nilikuwa nimeanza kufikiria majirani ambao sijawaona wiki hii.)

Daktari akasogeza kioo polepole. "Ngojeni. Ini lenyewe ni jeusi. Zinazong'aa ni chembe chache hapa pembeni, pana pana. Hizi zimetoka mdomoni mwa mtu." Akawasha taa, akanipa vioo viwili vilivyogandana. "Hebu vitenganishe nione."

Nikavichukua. Na kidole gumba, huyoo, kikajiendea chenyewe hadi kwenye ulimi! Nimekiramba mbele yao wote, tena vizuri, kama mtu anayefungua kurasa za gazeti.

Wafula alicheka hadi akakaa sakafuni. Mimi nilitaka ardhi inimeze, lakini nikaomba kuchungulia tena. Jamani! Yale maji yamempita mbuzi, yakanitafuta mimi, yakanipata kwenye mate ambayo sikujua nimeyaacha. Nilisisimka mwili mzima. Hata kwetu nyumbani hakuna anayenijua hivyo.

"Kingamwili imepita mtihani," Daktari akasema. "Wewe umeanguka. Jumatatu utarudia, na vioo utavishika kwa koleo."

Kwa hivyo niombeeni Jumatatu, na tafadhali msicheke. Hasa wewe unayejishika mbavu hapo. Yale magazeti ya kufungia mandazi ya Mama pia hugandana, na anayeyatenganisha kila asubuhi ni mimi.