Bolti Mbili za Bwana Kipimo

Jumatatu, 3 Machi
Miaka kumi na minane naunda injini za magari ya mashindano. Leo bosi katangaza: atakayetoa injini yenye nguvu zaidi Ijumaa ndiye fundi mkuu. Tuko wawili tu, mimi na Bwana Kipimo, aliyepewa jina hilo kwa kupima kitu mara tatu, kisha kukipima tena. Nimemwambia mke wangu ajizoeze kuitwa mke wa fundi mkuu. Akasema kwanza nitengeneze bomba la jikoni.

Jumanne, 4 Machi
Sheria ya karakana: ukishakaza bolti, unaitia tone la rangi yako. Yangu nyekundu, ya Kipimo nyeupe. Nimebuni njia ya mkato. Natia rangi bolti zote kwanza, kisha nakaza mfululizo. Kipimo akasema haraka haraka haina baraka. Wivu tu huo. Nilikuwa nimebakiza chache za kukaza mke wangu alipopiga simu: bomba limepasuka. Niliporudi, zote nyekundu. Safi. Nikafunga kazi.

Jumatano, 5 Machi
Kikulacho ki nguoni mwako. Bolti mbili za kichwa cha injini yangu zina tone jeupe kando ya jekundu! Nimemuuliza Kipimo. Kajibu bila haya kwamba alizikuta zimelegea, akazikaza. Zilegee vipi na rangi ipo? Nimezijaribu kwa spana. Zimekazwa mno. Huyu anataka kichwa kipasuke. Nimezilegeza mpaka mkono ukaniambia basi.

Alhamisi, 6 Machi
Binti yangu kawatangazia wenzake shuleni kwamba baba ni fundi mkuu. Nani kamwambia? Mimi. Nakitaka cheo hiki hata usingizini.

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya kupima nguvu. Injini ya Kipimo ilinguruma saa nzima bila hata kikohozi. Yangu ikaanza vizuri kuliko yake, nami nikamtazama kwa jicho la pembeni. Dakika ya pili, maji ya moto na oili vikaruka kutoka chini ya kichwa, vikatua kwenye shati la bosi. Bosi akaziona bolti mbili zenye tone jeupe zimelegea, akauliza ni nani aliyezigusa mara ya mwisho. Nikainama kufuta oili sakafuni. Kipimo akazitazama, akanitazama mimi, akasema rangi nyeupe ni yake, lawama ni yake.

Jumamosi, 8 Machi
Cheo kapewa Kipimo. Jambo la kwanza alilomwomba bosi ni mimi niwe msaidizi wake, eti hakuna anayeisikia injini kama mimi. Nilitaka kulia. Kisha nikatafakari. Mtu kakiri kosa mbele ya karakana nzima, sasa ananibembeleza. Dhamira inamsuta. Mimi sina kinyongo. Nimemfuata kwenye meza yake, nikamwambia nimemsamehe. Akaweka spana chini, akasema asante.