Elfu Nne kwa Sekunde

Jumatatu, 3 Machi

Salaale! Bosi ametangaza kwamba vyeti vyote vya shule tunavyotunza vinahamia kwenye blokcheni, yaani daftari lililonakiliwa kwenye mashine nyingi, lisilofutika. Mitandao ya kuchagua ni miwili. Mimi napigia debe mmoja, mwenzangu wa meza ya pili, ninayemwita Miwani, anapigia mwingine. Atakayeshinda anakuwa mkuu wa kitengo. Kitengo kina watu wawili, mimi na Miwani. Nimwite Miwani mkuu? Mimi? Jioni nimemwambia mke wangu cheo nimeshapata. Ameshampigia mama yake.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma hadi macho yanauma. Mtandao wangu una mashine ishirini tu za kuhakiki, zenye nguvu, ndiyo maana unakwenda mbio: maandishi elfu nne kwa sekunde! Wa Miwani una maelfu ya mashine, na kila moja lazima ijihakikishie yenyewe. Maandishi kumi na tano kwa sekunde! Tena yanapanga foleni kwanza. Nimecheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kama mimi ni mzima. Miwani akasema haraka haraka haina baraka, na kwamba kwenye foleni mtu huweza kughairi. Nikamjibu kuwa wanaoghairi ni wasiojua wanachotaka.

Jumatano, 5 Machi

Mungu wangu!

Nilitaka kupima kasi. Nikaweka idadi ya nakala, elfu nne, ikabaki sentensi yoyote ya kuandika. Bosi alikuwa amenikaripia asubuhi kwa kuchelewa, basi ikanijia yenyewe: "Bosi hulala vikaoni, hasa vyake." Nilijua niko kwenye uwanja wa majaribio. Sikuwa! Nikabonyeza. Sekunde moja, mara elfu nne, kwa jina langu! Nikatafuta pa kufutia. Hakuna pa kufutia! Nikachomoa waya. Ofisi nzima ikazimika, maandishi yako palepale. Miwani, bila kuinua kichwa, akaniuliza kwa upole kama nimeshajua ninachotaka.

Ijumaa, 7 Machi

Bosi ameyasoma. Yote, nadhani, maana alijifungia hadi adhuhuri. Nilitegemea kelele. Alisema tu kwamba kasi ameiona. Miwani ndiye mkuu wa kitengo. Mimi ndimi kitengo chenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe amekuja kunipongeza! Kaniletea saa ya ukutani ya ofisi yangu mpya. Nimeipokea kwa mikono miwili. Aibu imenishika, nikaamua kuwa muungwana: nimemwandikia bosi barua ya kuomba radhi na kuiweka kwenye mtandao wangu, asije akadai haikufika. Nimeanza kwa kunukuu ile sentensi, ajue naomba radhi ya nini. Nikabonyeza.

Lahaula! Ile idadi ya nakala sikuibadilisha. Sasa yapo elfu nane.

Ila, kusema kweli, sekunde moja tu! Kwenye mtandao wa Miwani barua ingekuwa bado iko foleni. Jumatatu nampelekea bosi takwimu hizi. Safari hii hana pa kukwepea.