Ushuhuda wa Tonton Mwenze

Jumatatu, 6 Oktoba
Wiki ya tano ughaibuni, mtaa wa Koekelberg. Mpango ulikuwa nifundishe watoto Kiingereza, na familia inayonilaza na kunilisha inifundishe Kifaransa. Mpaka sasa: bonjour, merci, basi. Kosa si langu! Familia yenyewe ni ya Lubumbashi, Kiswahili kinaanza asubuhi. Leo Maman Laetitia, mama mwenye nyumba, kanipakulia bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, mara mbili. Eti kula, mutoto yangu, mwili iko wapi? Mungu ambariki.

Jumanne, 7 Oktoba
Balaa! Madame Mathilde wa shirika lililonileta anakuja Ijumaa kunipima Kifaransa. Nikishindwa, nahamishiwa mtaa wa Woluwe kwa mzee mmoja na mbwa wake, nyumba isiyo na neno la Kiswahili. Mzee mwenyewe nimemwona. Anakula saladi. Sitaki kuondoka hapa. Nimejifungia bafuni, machozi yakanilenga.

Jumatano, 8 Oktoba
Dawa imepatikana. Tonton Mwenze, kaka wa Maman, kila Jumapili anasimama kanisani kutoa ushuhuda uleule, Kifaransa safi, dakika nne. Maman ameurekodi kwenye simu. Naukariri wote! Darlène, mwanafunzi wangu wa miaka kumi na mmoja, akauliza kama najua maana yake. Nikamwambia mwalimu haulizwi hivyo.

Ijumaa, 10 Oktoba
Madame kaketi sebuleni, kauliza kitu kifupi. Nikasimama kama Tonton. Nikamwaga yote bila kukwama, mwishoni nikainua mikono. Maman, kwa mazoea, akaitikia amen kutoka jikoni. Madame analia! Nikajua nimefaulu.

Kumbe aliuliza kama nimeshakunywa kahawa. Mimi nikamweleza nilivyopasuliwa tumbo mara mbili, mke wa kwanza akanikimbia, na madaktari wakanikatia tamaa mwaka 1998. Nina miaka ishirini na mitatu. Darlène alicheka mpaka akaporomoka kitini, kisha akamwambia Madame ushuhuda ni wa nani.

Nikaona Woluwe hiyo. Hapo Maman akaja kukaa ubavuni pangu, aproni kiunoni, akaongea Kifaransa kirefu. Darlène alinitafsiria baadaye: huyu ni mtoto wa nyumba hii, kosa ni letu tunaomwongelesha Kiswahili, tupe mwezi mmoja. Madame kakubali. Zamu yangu ya kulia. Sijui nimewafanyia nini watu hawa hadi wanipende hivi.

Jumapili, 12 Oktoba
Amri ya Maman: nyumbani ni Kifaransa tu. Tangu asubuhi naitikia oui, yaani ndiyo, kwa kila kitu. Nahofia nimeahidi mengi.

Lakini sitawaangusha! Nimeshapatana na Darlène. Yeye ataniandikia majibu yote ya kumpa Madame, mimi nikariri. Nami nitamfanyia kazi zake zote za Kiingereza, asiguse hata moja. Tumepeana mikono. Mtoto ana akili huyu, nafundisha vizuri! Nimemshukuru Mungu kwa kila mtu wa nyumba hii, mmoja mmoja, kwa Kiswahili, mlango nikiwa nimeufunga.