Gorogoro Yangu Kufutwa Kwenye Logo ya Rongai

Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Logo ya Mji

Mama Cheptanui,

Jumanne iliyopita, saa tano kasorobo asubuhi, Rongai ilipoteza gorogoro. Kamati yako iliufuta ule mkebe wetu wa kupimia mahindi kwenye logo ya mji, kura saba kwa moja, ikaweka ndege flamingo. Hiyo moja ilikuwa yangu. Mimi si mtu wa kelele, lakini nalalamika hivi:

1. Nimeuza mahindi hapa miaka ishirini na sita. Sijaona flamingo hata akiuliza bei.

2. Mchoraji wenu, Naliaka, alikaa dukani kwangu siku mbili akiichora gorogoro yangu, pamoja na pale ilipobonyea ubavuni. Alitaka kupanyoosha, nikamkataza. Urithi uchorwe na mabonde yake.

3. Niliuliza watu 118 kama wanaipenda. 109 walikubali. Ni kweli niliwauliza nikiwa nimeishika, mahindi yao bado hayajaingia kwenye gunia, lakini hesabu ni hesabu.

4. Mchoro ulipofunuliwa, wewe mwenyewe ulisema, "Si hiyo ni ya Kimaiyo?" na kamati nzima ikacheka. Mama, mkebe usio na jina, watu saba wakautambua papo hapo! Makampuni hulipa wataalamu wapate kujulikana hivyo. Flamingo wenu, mteja wangu Mzee Odongo aliuliza ni kuku gani huyo mgonjwa.

Kwa hivyo gorogoro irudi kwenye logo. Pia ijengwe ya simiti pale steji ya matatu, urefu wa mita nne, upande uliobonyea uangalie barabara, msafiri wa Eldoret ajue amefika wapi.

Salamu kwa kamati, hata wale saba, na kwa mzee wako nyumbani.

Mimi mpimaji wenu,
Micah Kimaiyo
Duka la Nafaka, karibu na stesheni

N.B. Nimeifungua bahasha tena. Nilipokuwa nimeshaifunga, mke wangu Jebet alijaza gorogoro ya jirani mahindi, akayamimina kwenye yangu. Ilijaa, na konzi mbili zikabaki mezani. Kisha alienda kuchemsha chai. Nilianza kuzidisha konzi mbili kwa miaka ishirini na sita, nikaachia njiani. Nimeinyoosha kwa nyundo. Flamingo akae. Ila nijibu moja kwa moja, kabla ya Ijumaa saa mbili asubuhi, soko halijafunguliwa: ule mchoro wenye bonde umeonwa na watu wangapi?