Dirisha la Oswald

Jumatatu, 20 Oktoba
Arobaini ya mdogo wangu Oswald ni Jumamosi. Ukoo umeniteua niandike historia ya marehemu. Wangemteua nani mwingine? Nimewasha kompyuta, nikaoga, nikanywa chai, nikarudi. Bado inawaza. Nimeandika "Oswald alizaliwa". Herufi zimejitokeza moja moja, kama wazee wanaoshuka kwenye boti. Feni inalia kama bodaboda inayopanda mlima wa Gungu na gunia la mkaa. Hujuma! Wanatuuzia mashine zilizochoka kabla ya sisi kuchoka.

Jumanne, 21 Oktoba
Nimemkamata mchawi. RAM: asilimia tisini na saba! Kilichojaa hupunguzwa. Nimefuta nyimbo zote za kwaya na picha za harusi ya binti yetu Frida, kisha nikamwaga na pipa la taka. RAM: asilimia tisini na saba. Mchana nikailaza juu ya samaki wa barafu, migebuka, ipoe. Mke wangu Elida akauliza kama ninaomboleza au ninafungua mgahawa. Chumba kinanuka.

Jumatano, 22 Oktoba
Nimeenda mtaa wa Mwanga, kwa fundi kompyuta Zuleha. Shikamoo yake ndefu, huruma yake fupi. Akacheka mpaka wateja wakasogea. Mzee Bonaventura, akasema, diski ni kabati, RAM ni meza. Hizo picha zilikuwa kabatini zimelala, hazikumkosea mtu. Umejaza meza! Madirisha zaidi ya sitini, yote wazi! Nikamweleza kwamba kila dirisha ni mjadala wa mtandaoni ambao sijaushinda. Mwalimu mstaafu wa Rusimbi, kuhusu reli. Bwana mmoja wa Bujumbura, kuhusu ushuru wa mawese. Kufunga ni kusalimu amri. Akasema basi nisalimu amri kidogo kidogo.

Alhamisi, 23 Oktoba
Nimefunga. Kila adui nimemwachia neno langu la mwisho. Mwalimu wa Rusimbi nimemwita kasuku. Limebaki dirisha moja, na mashine bado inakokota miguu. Zuleha kwenye simu: hilo ndilo mlafi, lina video, lifunge mzee wangu.

Silifungi. Ni la Oswald.

Alikuwa akiuza dagaa Kibirizi. Akadai dagaa waanikwe juu kwenye chanja, si chini mchangani. Nikautetea mchanga kwa aya kumi na moja, nikianzia kwa babu zetu. Akajibu kwa video: chanja zake, yeye mwenyewe kofia upande, anapangusa viganja. Chini yake maneno matatu. "Kaka, wana mchanga." Nilikuwa kwenye aya ya kumi na mbili hospitali ilipopiga simu.

Ijumaa, 24 Oktoba
Historia imefika pazuri. Alizaliwa, alisoma, alimwoa Scola. Zuleha alisisitiza nihifadhi kila mara. Ushauri wa waoga. Jioni nikaicheza ile video, mara moja tu, nisikie sauti yake. Skrini ikaganda, Oswald kanyoosha mkono. Kisha giza. Historia yote imekwenda. Nilikaa tu, mpaka Elida akaja kuiondoa kompyuta mapajani mwangu.

Jumamosi, 25 Oktoba
Nimesimama bila karatasi. Scola ananitazama. Nikafungua kinywa, kikatoka nilichokuwa nacho: kwamba marehemu alikosea kabisa kuhusu chanja. Wakacheka. Scola akacheka mpaka akalia, na uwanja mzima ukalia naye. Shangazi akasema hajasikia historia nzuri kama ile. Historia gani? Nilikuwa natoa hoja!

Kisha chakula. Dagaa nilikuwa nimewanunua mwenyewe, wa mchangani, ili wajitetee. Krr. Krr. Meza zote. Wageni walitema kwa adabu. Scola akaniletea maji, akainama sikioni. Shemeji, akanong'ona, wana mchanga.

Jumapili, 26 Oktoba
Nimewasha. Dirisha la Oswald limerudi lenyewe. Nimemaliza aya ya kumi na mbili: dagaa wa jana hawakuoshwa ipasavyo, kosa ni la wapishi. Nimetuma. Mwalimu wa Rusimbi naye kajibu kuhusu kasuku; nimemfungulia. Na yule wa Bujumbura. RAM: asilimia tisini na saba. Mashine mbovu hii!

Kiduara kinazunguka. Nangoja. Si kawaida ya Oswald kuchelewa hivi kunijibu.