Kichujio Kilichommeza Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Redio imekoroma kutwa nzima. Ninapotaka kumsikia mtu wa ng'ambo, nasikia mashine ya kunyolea. Adui namjua: Kinyozi, jirani yangu wa chini. Akiwasha mashine zake, mimi huku juu nakuwa kiziwi. Na wala si bahati mbaya! Naye ana redio ya upepo, ya kuzungumza na watu wa mbali, na leseni kama yangu, na hajanisamehe tangu nimshinde ukatibu wa klabu yetu ya redio. Nilimpita kwa kura moja. Yangu.

Jioni mke wangu kaingia uso umemshuka. Dhoruba imeangusha mnara wa simu kule kisiwani ambako shemeji, mdogo wake, anapima hali ya hewa. Ofisi yao inasema kuna walioumia, majina bado. Jumapili saa nne asubuhi walio wazima watapewa zamu ya kusalimia nyumbani kwa redio, kwenye masafa ya wanaklabu. Mama mkwe anakuja kusikiliza. Nimesema niachieni mimi. Mke wangu kanitazama, kisha kasema nikishindwa, chumba cha redio kitakuwa cha mama yake.

Jumanne, 4 Juni
Nimeshuka kwa Kinyozi kwa heshima zote. Nimemwomba Jumapili asubuhi asifungue. Kaniuliza kama nimekuja kunyolewa au kuomboleza nywele zilizokwisha kwenda. Wateja wakacheka! Nimepanda ngazi mbili mbili kwa hasira.

Sasa ni vita ya akili. Nitamtengenezea ekstensheni ya umeme, nzuri, inayong'aa. Ndani yake nitaficha kichujio: koili, kapasita, na pete nyeusi nilizozing'oa kwenye televisheni mbovu. Kelele za mashine zake zitakwama humohumo zisinifikie. Nimeshaungua kidole gumba.

Alhamisi, 6 Juni
Nimempelekea. Nikasema ni zawadi ya ujirani mwema. Kaigeuzageuza kama anayekagua samaki sokoni, akaniuliza nina homa? Lakini vya bure vitamu. Kachomeka kila kitu hapo hapo: mashine, taa, chaja, hata redio yake.

Nimekimbia juu kusikiliza. Mkoromo umepungua! Haujaisha, umebaki mvumo mwembamba, kama wa mbu. Mke wangu kasema panasikika vizuri, basi niache. Mtu mwingine angeacha. Nimeanza kichujio cha pili, cha redio yangu mwenyewe. Hiki kitakuwa kikali.

Ijumaa, 7 Juni
Mama mkwe kawasili. Kakalia kiti changu. Chakula kakigusa tu, simu haimtoki mkononi ingawa anajua haitalia. Kaniita mkwe wangu, akaniuliza kama kweli atamsikia mwanawe. Nikamwambia, mama, utasikia hata anavyomeza mate. Akafumba macho, akashukuru. Nikaona aibu kidogo, sijui kwa nini.

Jumamosi, 8 Juni
Nimemaliza! Nimekichomeka kati ya antena na redio, nikawasha.

Kimya.

Nimezungusha kitufe mwanzo hadi mwisho. Kimya kila mahali! Miaka yote ya hobi hii sijapata kimya cha namna hiyo. Nikatokwa na machozi. Nikamwita mke wangu aje asikilize. Kasikiliza, kisha kauliza kama ndani ya kimya hicho kuna mtu yeyote. Nimemwomba asiingilie mambo ya ufundi.

Jumapili, 9 Juni
Nitaandika kama yalivyotokea.

Saa nne tulikuwa tumeshakaa. Mama mkwe mbele kabisa, kajifunga khanga kiunoni kama mtu wa safari. Nikawasha. Kimya safi. Nikawaambia ni mapema. Tukangoja. Nikaongeza sauti hadi mwisho. Kimya. Mke wangu akaninong'oneza nikitoe hicho kidude. Nikamjibu nikikitoa, kelele zitarudi. Akarudia, safari hii bila kunong'ona.

Hapo mama mkwe akasema taratibu kwamba walio wazima ndio wangesalimia. Akajifunika uso kwa khanga, mabega yakaanza kutikisika. Nikaogopa. Hofu ya kweli. Niliitazama redio yangu nikaona sanduku tu.

Ghafla vishindo kwenye ngazi. Kinyozi! Wembe mkononi, anahema. Nikadhani amegundua ekstensheni. Kumbe anatuuliza tumekufa? Kijana anaita kwao, anaita, na hakuna anayejibu!

Mama mkwe alishuka bila viatu. Kule chini mteja mwenye povu nusu ya shavu alikuwa amempisha kiti. Redio ya Kinyozi inachakarisha, inapasuka, na katikati ya kelele hizo, shemeji! Mzima. Kaumia kifundo cha mguu tu. Akauliza ni nani aliyechukua shati lake jeupe. (Nilikuwa nimelivaa.) Mama mkwe akacheka na kulia pamoja, akasema mwanawe angemjua hata katikati ya gulio. Nami nikafuta macho. Vinywele vya pale saluni.

Mke wangu hakushuka. Tulipoondoka tu, alikinyofoa kichujio, na sauti ya mdogo wake ikajaa chumba. Alimsikia hadi salamu ya mwisho. Nimemweleza kwamba hewa ilikuwa imebadilika wakati huohuo. Kaenda kutafuta shuka za kitanda cha mama yake.

Jumatatu, 10 Juni
Redio iko ukumbini, pembeni ya mlango wa choo. Chumba ni cha mama mkwe. Kinyozi sasa anaitwa mwanangu. Mimi naitwa huyu.

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa halikuwa la kichujio. Kilizuia vizuri sana, hilo hakuna anayeweza kulipinga. Kilikosa tu ukubwa. Na mbona Kinyozi alisikia? Kwa sababu ya ekstensheni. Ekstensheni yangu! Jasho langu, kidole changu!

Shemeji ataita tena Jumapili ijayo. Mama mkwe kashaweka nafasi yake kule chini, kiti cha kwanza. Tutaona. Leo jioni nashuka kuichukua ekstensheni yangu. Kichujio cha tatu kiko mezani, mara mbili ya kile cha pili.

Safari hii hakipiti kitu.