Mvinyo wa Akina Brenotte

Jumatatu, 6 Januari 1958
Mzee Tarsis kaanza tena habari za mvinyo. Miaka kumi na tisa alimwandalia meza Padri Brenotte kule misheni Kilimanjaro, na mpaka leo hajapona. Mvinyo mwekundu, kutoka shamba la zabibu la kwao padri, Ufaransa. Babu alipanda, baba akajenga ghala la mawe, kaka wawili wanakamua, dada anabandika karatasi kwenye chupa. Kila Pasaka padri alimmiminia Tarsis bilauri moja. Sasa padri ni marehemu. Mzee anasema angependa kuuonja mara moja tu kabla hajafumba macho.

Nilimtazama Mektilda, binti yake, akishona barazani. Jumapili ya tarehe 19 wazee wake wanatimiza miaka arobaini ya ndoa. Nitaleta chupa. Kisha nitapeleka posa. Pantaleo, muuza misumari wa Msimbazi, alikuwepo pia. Naye anamtaka Mektilda. Hasemi kitu, anasikiliza tu. Ananikera.

Jumanne, 7 Januari
Duka la vinywaji mjini. Muuzaji kaniuliza nimetumwa na bwana gani. Nikasema nimejituma. Akanionyesha mlango.

Nikapitia Upanga kutuliza hasira. Mizambarau imezaa mpaka ardhi imekuwa nyeusi. Nikasimama. Zabibu ni nini? Ni zambarau iliyobahatika kuzaliwa Ulaya.

Jumatano, 8 Januari
Debe la zambarau, sukari, hamira. Nimelisukumia chini ya kitanda. Bi Mboni, mwenye nyumba, mtu wa swala tano, kaniuliza harufu gani hiyo. Nikamwambia ni rangi ya kutilia ukili. Nilijiona mjanja kwa saa nzima.

Alhamisi, 9 Januari
Nimerudi kutoka stoo, kwenye ukarani wangu, nimemkuta Bi Mboni kachovya ukili wake wote kwenye mvinyo wangu. Anasema hajapata kuona rangi inayoshika hivi. Mkeka utapendeza, sikatai. Amewaambia majirani. Wawili wamekuja na ukili wao.

Ijumaa, 10 Januari
Limebaki robo debe. Nimeweka kufuli mlangoni. Bi Mboni kanuna. Kaniuliza rangi gani inafungiwa ndani kama mwari.

Jumanne, 14 Januari
Mpishi wa hoteli moja kanipa chupa tupu. Nimechora karatasi yake mwenyewe: ghala la mawe, mlima, na babu wa akina Brenotte. Babu kafanana na mbuzi. Nimemvika kofia. Sasa ni mbuzi mwenye kofia.

Nimemuuliza Pantaleo atampelekea Mzee zawadi gani. Kasema hana kitu cha maana. Roho yangu imetulia.

Jumapili, 19 Januari
Sijui nianzie wapi.

Baada ya misa tulijaa kwa Mzee, paroko akiwamo. Nikaitoa chupa mbele ya watu, nikaeleza jinsi ilivyovuka bahari. Mama Agnesi, mkewe, akapiga ishara ya msalaba. Mzee akanywa. Akaitazama karatasi ya chupa kwa muda mrefu.

“Kasmir, mwanangu,” akasema kwa upole, “huyu babu aliyepanda zabibu hizi, alikuwa akikaa Upanga?”

Nikasema sielewi. Nikaapa zambarau sijazigusa mwaka huu.

“Kaka Kasmir,” akasema Mektilda, “hebu toa ulimi.”

Asubuhi nilikuwa nimeonja. Niliukaza mdomo, lakini mtu hawezi kujitetea akiwa kaukaza mdomo. Walicheka mpaka kuku wa uani wakakimbia.

Ndipo Pantaleo akasimama, na bahasha mkononi. Kumbe tangu Oktoba alimwomba paroko amwandikie barua ya Kifaransa kwa akina Brenotte, na hilo ndilo jibu lao. Nilijisemea: barua tupu, hata tone hakuna.

Paroko akasoma. Dada wa padri yu hai. Kaka mmoja amefariki, mwingine bado anakamua. Katika barua zake za nyumbani padri alikuwa akimtaja Tarsis kila mara. Kwa hiyo kila mwaka, zabibu zikishavunwa, wanamimina bilauri moja na kuiweka mwisho wa meza. Ni ya Tarsis wa mlimani, mtu wasiyepata kumwona. Hakuna anayeigusa.

Mzee akavua miwani. Akaomba isomwe tena. Mama Agnesi akamshika mkono, na hakuna aliyecheka tena. Ilipokuwa inasomwa mara ya tatu, Mzee alikuwa anakunywa zambarau zangu bila hata kujua, mpaka akaimaliza chupa.

Mektilda alimtazama Pantaleo kwa namna ambayo mimi hajapata kunitazama, hata siku ulimi wangu ulipokuwa ndani.

Jumatatu, 20 Januari
Nimefikiri kutwa nzima stooni, magunia nimeyahesabu mara mbili na kupata idadi mbili. Sasa nimeona kosa langu, na ni dogo kabisa. Mimi nilipeleka chupa, kumbe wale ni watu wa barua.

Nimenunua bahasha ya ndege. Dada wa padri ataandika tena wiki ijayo. Atamweleza Mzee kwamba ameoteshwa: Mektilda aolewe na karani wa stoo, mwembamba, jina linaanza na K. Kifaransa najua maneno mawili. Panapopungua nitatia Kilatini cha misa. Stempu ya Ufaransa sina, lakini mkono wangu katika kuchora si mbaya.